Injini ya SR20DET au 1JZ-GTE kwa Nissan 180SX iliyochoka?

Ukitaka amani, rudishia SR20DET: lita 2, silinda nne, bloku ya aluminiamu. 180SX nyingi za kuanzia 1991 zilitoka nayo kiwandani, kwa hivyo inakaa palepale na pua ya gari haiongezwi uzito.

1JZ-GTE ya Toyota ni lita 2.5, silinda sita, bloku ya chuma. Nguvu za farasi ni 280 dhidi ya 205 za SR20DET, na mlio wake, wallahi, ni mtamu. Lakini ni ndefu: mauntingi (vishikio vya injini) yachomelewe upya, propela (shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma) itengenezwe nyingine, waya zifumuliwe, rejeta ipate nafasi kwa shida. Haya, kaa nayo foleni ya Daraja la Nyali, Mombasa, saa nane mchana, uone kama haitachemka!

Kwa gari la kila siku nachukua SR. 1JZ ni ya mwenye gari la pili, na fundi wa waya anayepokea simu.