Kadi ya e-Residency ya Estonia: nzuri kwa kazi, haikupi makazi

Estonia ilianza kutoa kadi ya e-Residency, yaani ukaazi wa kielektroniki, Desemba 2014 kwa watu wasio raia wake wala wakaazi wake. Kama huduma ya kuendesha kampuni ukiwa mbali ni ya kiwango cha juu, ila jina lake limewaponza wengi. Kuna ukaazi wa kibali, unaokuruhusu kuishi nchini, na kuna ukaazi wa kodi, unaoamua serikali ipi ikutoze. Kadi hii haikupi hata kimoja kati ya hivyo. Ni kitambulisho cha kidijitali tu, na haina hata picha ya mwenyewe. Haitumiki mpakani, si viza, na kodi ya kwenu inabaki palepale.

Maombi hufanywa mtandaoni: nakala ya pasipoti, picha, maelezo ya sababu, kisha malipo kwa kadi ya benki. Polisi na Walinzi wa Mipaka wa Estonia ndio wanaochunguza. Kwenye sababu usiandike "nataka biashara Ulaya" ukaishia hapo. Taja unauza nini, kwa nani, na kwa nini Estonia, maana ukikataliwa ada hairudi. Ukikubaliwa, lazima ufike mwenyewe ubalozini au kwenye kituo ulichokichagua ili utoe alama za vidole. Vituo haviko kila nchi, kwa hiyo angalia orodha kabla ya kulipa. Nauli yaweza kuzidi ada yenyewe. Kadi isiyochukuliwa ndani ya miezi 6 huharibiwa.

Kadi ikishafika mkononi, thamani yake huonekana kwenye sahihi ya kielektroniki. Unahitaji kisoma kadi, programu ya kusaini ya DigiDoc4, na kiongezi cha Web eID kwenye kivinjari, kinachounganisha kadi na tovuti. Fungua DigiDoc4, weka mkataba wako, bonyeza kusaini, andika PIN2, namba ya siri ya kusaini. Hutoka faili moja lenye mkataba pamoja na sahihi, na kisheria lina nguvu sawa na karatasi iliyosainiwa kwa wino, si Estonia pekee bali Umoja wa Ulaya wote. Hapa huduma hii haina mpinzani wa karibu.

Wengi hukwama kwenye namba za siri. PIN1 ina tarakimu 4 au zaidi na ni ya kuingilia kwenye tovuti. PIN2 ina tarakimu 5 au zaidi na ni ya kusaini. Mtu huandika ya kwanza mahali pa ya pili, akikosea mara tatu namba inafungwa. Hufunguliwa kwa PUK, namba nyingine ya siri ya kufungulia, kwa hiyo bahasha yenye namba hizo isikae pamoja na kadi. Tovuti ikidai haioni kadi, mara nyingi Web eID haijawashwa. Iwashe, funga kivinjari, chomeka kisoma kadi upya, ndipo ufungue tena.

Kusajili kampuni mtandaoni ni ada ya serikali ya euro 265, lakini hesabu haiishii hapo. Bodi ikiwa nje ya nchi, kampuni lazima iwe na anwani Estonia na mtu wa mawasiliano aliyeidhinishwa, na hawa hulipwa kila mwaka. Mhasibu naye juu. Kwa mwenye wateja wawili watatu, gharama hizi humeza faida.

Kodi ndiyo inayovuta watu. Faida inayobaki kwenye kampuni haitozwi. Gawio, yaani faida anayogawiwa mwenye kampuni, hutozwa 22/78 tangu 2025: euro 22 kwa kila euro 78 zinazogawiwa. Ukijilipa gawio la euro 1,000, kampuni inalipa kodi ya euro 282.05. Ila ukiwa unaiendesha kampuni hiyo kutoka sebuleni kwako, mamlaka ya kodi ya nchi unayoishi yaweza kuihesabu kuwa ya huko. Mwone mshauri wa kodi kwanza. Akaunti ya benki pia si haki ya mwenye kadi. Benki huamua yenyewe, na asiye na uhusiano wowote na Estonia hukataliwa mara kwa mara.

Kadi hudumu miaka 5 na haijihuishi. Unaomba upya, unalipa upya, unakwenda tena kuichukua. Usiiache iishe karibu na Juni 30, siku ya mwisho ya ripoti ya mwaka kwa kampuni zinazofunga hesabu Desemba, kwani kadi iliyokwisha muda haiwezi kuisaini.