Kipimajoto cha sindano: miezi minane katika jiko la hoteli ndogo Nairobi

Nilikinunua kipimajoto hiki cha dijitali, chenye sindano ya chuma kisichoshika kutu, kwa shilingi 1,500 katika duka la vyombo vya jikoni jijini, baada ya mteja wetu wa kila siku kuja kutulalamikia kwamba wali aliofungiwa jana yake ulimtapisha usiku kucha.

Siku ya kwanza nusura nikirudishe. Karatasi ya maelezo inaagiza kijaribiwe ndani ya maji yanayochemka na kisome nyuzi 100, lakini changu kilikwama kwenye 94 huku sufuria ikitokota mbele yangu. Kosa halikuwa lake: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali palivyoinuka ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Atakayekijaribu Mombasa ataiona 100 yake, ila sisi wa huku juu tutumie bilauri iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo, ambamo kinapaswa kusoma 0. Changu kilisoma 0.3, nikaridhika, ingawa waliokitengeneza wangeweza kutuandikia walau mstari mmoja kuhusu jambo hilo.

Kwa upande wa nyama kimejilipa mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi katikati yake ifike nyuzi 70, na paja la kuku lililokuwa limeiva rangi vizuri kabisa kwa nje lilisoma 61 karibu na mfupa. Mama anayetupikia, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipima kwa jicho, hakufurahi. Alilichana paja mwenyewe, akaona wekundu, akalirudisha motoni bila kusema neno.

Lakini ni wali ulionifumbua macho. Sufuria kubwa iliyoepuliwa saa nne asubuhi, ikafunikwa na kuachwa mezani kama tulivyozoea, saa kumi jioni bado ilikuwa na nyuzi 43 katikati, joto ambalo bakteria hulipenda mno, kwani chakula hakipaswi kukaa kati ya nyuzi 5 na 60 kwa zaidi ya saa mbili. Bacillus cereus, bakteria anayejulikana sana kwa wali, huacha spora, mithili ya mbegu zilizolala, zinazostahimili kupikwa, kisha wali ukipoa polepole spora hizo huamka, huzaana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na moto. Kwa hiyo kule kuupasha wali asubuhi hadi ufuke mvuke, jambo tulilolitegemea kama kinga, hakukuwa kinga. Siku hizi wali unaobaki tunautandaza kwenye sinia pana, unapoa upesi, kisha unaingia kwenye friji. Friji yenyewe nayo iliumbuka: sindano niliyoiacha ndani ya glasi ya maji usiku kucha ilisoma 9, kumbe mpira wa mlango ulikuwa umechanika.

Kasoro zake si ndogo. Hakivumilii maji, na cha kwanza kilikufa pale kijana wa vyombo alipokitumbukiza kwenye karai pamoja na vijiko. Namba huchukua karibu sekunde 15 kutulia, muda mrefu kwa mtu mwenye foleni ya wateja wa mchana. Hakina kifuniko cha sindano, ilhali sindano iliyotoka kwenye kuku mbichi na kuingia kwenye mchuzi bila kuoshwa na kufutwa kwa spiriti hubeba vijidudu vilevile tunavyovikimbia. Kwa chapati na mayai ya kukaanga hakina kazi.

Nilipokwenda kununua cha pili niliongeza shilingi 900 nikachukua kile kisichoingia maji, na ndicho ninachokipendekeza kwa mwenye hoteli. Mama hukitia kwenye mfuko wa aproni yake, na asipokiona asubuhi jiko zima hutafutwa.