Taa inapiga, picha ni giza: ununue nini cha kufyatulia taa za studio

Siku moja ya kipaimara, familia ya watu tisa ilisimama mbele ya kitambaa cheupe kwenye chumba changu hapa Moshi. Nikabonyeza, taa mbili za studio zikapiga, kila mtu akaona mwanga. Kwenye kioo cha kamera: giza. Nikarudia mara nne, giza lile lile. Wiki iliyofuata nikapeleka taa kwa fundi, akaifungua, akanirudishia ilivyokuwa, na hela ya ufundi nikalipa. Taa ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa flashi ya kamera, na tangu hapo kila anayeniuliza anunue triga gani (kifaa cha kuziamrisha taa zipige pamoja na kamera) namweleza hili kwanza.

Flashi ikiwa kwenye TTL, yaani kamera inapojipimia yenyewe mwanga wa flashi, haipigi mara moja. Hutangulia na mwako mdogo wa kupima mwanga, ndipo shata, lile pazia la ndani ya kamera linaloruhusu mwanga uingie, inafunguka na mwako wenyewe unapiga. Vinafuatana haraka mno hata mtu huona kimoja tu. Lakini lile jicho la taa ya studio, ambalo kazi yake ni kuipigisha taa mara linapoona flashi nyingine, huamka kwa ule mwako wa kupima. Taa inamaliza nguvu zake shata ikiwa bado imefungwa. Shata inapofunguka, taa ndiyo kwanza inajichaji.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, jaribu ulichonacho. Weka flashi kwenye M, yaani nguvu unaipanga mwenyewe, nayo iwe ndogo kabisa, 1/32 au chini yake, zima kile kipengele cha kuondoa macho mekundu, shata iwe 1/125 ya sekunde. Nikon kama D3200 na D5300 zinakuruhusu kuweka M hata kwenye flashi ya kamera yenyewe, ndani ya menyu. Baadhi ya Canon ndogo hazina nafasi hiyo. Kwa hizo, bonyeza kitufe chenye alama ya nyota: mwako wa kupima utapiga na taa zitapiga nao. Subiri zijichaji, kisha piga picha. Ni kazi ya kuchosha ukiwa na foleni ya picha za pasipoti, ila inafanya kazi. Na kama jicho la taa yako lina chaguo la S1 na S2, chagua S2, maana hiyo huupuuza mwako wa kwanza.

Ikiwa bado unataka kununua, mimi napanga hivi.

Namba moja ni Godox TT600. Najua wengi watashangaa, kwa sababu hii ni flashi, si triga. Lakini haina TTL kabisa, kwa hiyo mwako wa kupima haupo, na jicho la taa yoyote, hata ya zamani, litaipigisha taa yake kwa wakati. Halafu ndani yake ina redio ya 2.4 GHz inayoamrisha taa za Godox zenye redio hiyo, kama SK400II, na unaweza kuizima yenyewe isipige huku ikiendelea kutuma amri. Siku ya send-off unaichomoa studio unaenda nayo ukumbini. Kwa mtu wa Arusha au Moshi ambaye hela yake nusu inatoka studio na nusu kwenye sherehe, sioni kinachoishinda. Inatumia betri nne za AA. Nunua za kuchaji.

Namba mbili ni triga ya redio, mfano Godox X2T au XPro, kwa mwenye flashi tayari. Redio haijali jua la dirishani wala ukuta. Pia haishtuki flashi ya mpiga picha mwingine, jambo linaloua kabisa njia ya jicho ukumbini: akipiga mwenzako taa zako zinapiga naye, na wewe ukibonyeza zinajichaji. Hakikisha tu taa yako ina redio ya mfumo huo huo, au nunua na kipokeaji chake.

Namba tatu ni waya. Ni wa bei ndogo na hauhitaji betri, ila watoto hujikwaa. Tahadhari moja naisisitiza: taa kuukuu zinaweza kuwa na mamia ya volti kwenye tundu la waya, na hizo zinaunguza kamera. Mpe fundi redio apime kwa multimita. Kiwango cha kimataifa, ISO 10330, ni volti 24. Ikizidi hapo, usiichomeke kwenye kamera yako.

Mwisho kabisa naweka flashi ya bei kubwa yenye TTL inayonunuliwa kwa kazi hii pekee. Utalipia kitu ambacho kwanza itabidi ukizime.

Wenye Canon 2000D na 4000D, nawaomba msome hapa mara mbili. Kamera hizo hazina ile pini ya katikati pale juu flashi inapokaa. TT600 na triga za kawaida hazitapiga kabisa, hata ziwe mpya. Tafuta triga iliyotengenezwa kwa Canon, na usilipe mpaka uione ikipiga juu ya kamera yako.

Kila mmoja aende dukani na kamera yake. Piga mara kumi mfululizo, rudi nyuma hatua kumi na tano, piga tena, kisha tazama picha, si taa. Anza na shata ya 1/125 upandishe. Kamera nyingi ndogo mwisho wake ni 1/200, ukivuka unaona ukanda mweusi, na huo si ubovu wa triga. Ukiagiza Dar es Salaam na mzigo unakuja kwa basi, kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba utaurudisha usipopiga.