Kamera ndogo niliyonunua Kampala, na maneno niliyopewa badala ya pesa zangu

"Nyinyi watu wa Arua mnapenda vitu msivyojua kuvitumia."

Hayo niliambiwa na kijana aliyeniuzia kamera, mbele ya wateja wengine watatu, mimi nimetoka safarini usiku kucha na vumbi la njiani bado liko kwenye baibui. Kero za madukani nimezizoea, mimi mwenyewe ni mfanyabiashara. Ila haya yamenikwama kooni mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Nauza vitenge Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtaa wa Oli. Mzigo natoa Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Siku hizi mteja hatoki nyumbani kwake bila kutumiwa picha kwanza, na simu yangu ilikuwa inanigombanisha na watu. Kitenge cha zambarau kwenye picha kinakuwa bluu. Cha rangi ya chungwa kinakuwa chekundu. Mtu anapanda gari kutoka Nebbi na nauli yake, akifika anakishika, anakigeuza, anasema, "Dada, si hiki ulichonionyesha." Ana haki. Nikaona nitafute kamera ndogo ya mfukoni. Na kulikuwa na jambo la pili: mtoto wa kaka yangu alikuwa anaolewa Yumbe, mimi ndiye shangazi, na nilishaahidi kwamba picha za ndani, zile za akina mama peke yao, nitapiga mimi.

Kwa hiyo safari moja ya Kampala nikazunguka akedi, yale majengo ya maduka mengi, za katikati ya mji nusu siku nzima. Kila duka wimbo ni mmoja: megapikseli, yaani wingi wa vidoto vinavyounda picha. Hii kumi na sita mama, hii ishirini. Hakuna aliyeniuliza nataka kupiga nini. Mimi sikujua kitu wakati ule, lakini mtu wa kwanza akiniambia ishirini ni bora kuliko kumi na sita na hawezi kunieleza kwa nini, namtilia shaka. Mwisho nikachukua moja iliyokaa vizuri mkononi, ambayo lenzi yake inatoka nje kuvuta kitu cha mbali kwa kioo chenyewe, si ile ya kukuza picha kwa hesabu za ndani mpaka inakuwa kama uji. Laki sita na nusu. Nikamweleza yule kijana kinaga-ubaga: ni ya kupigia vitenge na harusi, niko Arua, ni mbali, nataka kitu kitakachodumu. Akaniapia kwamba ni mpya. Boksi lilikuwepo, nailoni ilikuwepo. Chini ya risiti kulikuwa na maandishi madogo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akacheka: "Hiyo ni ya kila mtu, nyabo. Wewe una garanti ya mwaka mzima."

Nisiwe mchoyo wa ukweli: wiki za kwanza niliipenda kamera ile kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa pesa yangu.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja hapa mjini aliyekuwa na studio zamani, enzi za filamu za picha 36. Kodak iliyomlisha miaka yote ilifilisika mwaka 2012, na yeye mwenyewe studio alishaigeuza duka la kutoa kopi kabla ya hapo. Nilimpelekea kamera nikilalamika kwamba picha zinatoka na ukungu. Hakuigusa. Aliniambia nipige mbele yake, akatazama kidole changu tu. "Binti, unaipiga kama unaua mbu. Bonyeza nusu. Ngoja kile kimraba kiwe kijani. Kamera imeshaona. Sasa malizia." Wiki mbili nilikuwa nimeilaumu kamera bure, dawa ni nusu ya kubonyeza!

Rangi nazo zilinyooka hivyo hivyo. Ndani ya menyu kuna vialama vya jua, wingu, balbu na taa ya tyubu. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe dukani kwangu, ambako kuna tyubu juu na jua la mlangoni kwa pamoja, inachanganyikiwa. Mzee akasema zima tyubu, toa kitenge barazani kwenye kivuli, chagua alama ya wingu, na flashi usiiguse. Nikapiga kitenge kimoja cha zambarau chenye maua ya manjano. Nikakiweka kitenge chenyewe kando ya kioo cha kamera. Rangi moja. Nilimpigia simu mteja wa Nebbi siku ile ile.

Halafu ipo picha ya mama. Alikuwa ameketi mlangoni anabangua karanga, hajui kama namwona. Nilivuta lenzi kutoka ng'ambo ya ua. Inaonekana kucha ya dole gumba ilivyoingia kwenye ufa wa ganda, na vumbi la maganda limekaa kwenye mikunjo ya vidole vyake kama unga. Simu yangu haijawahi kuniletea mikono ya mama namna ile. Picha hiyo ninayo, na nikisema chochote kibaya hapa chini, mjue inatoka kwenye kamera hiyo hiyo.

Sasa Yumbe.

Ilikuwa kiangazi, na barabara ya kutoka Koboko ilikuwa bado ya vumbi jekundu, lile linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Tulifika, tukaoga, tukakaa na akina mama. Picha za hina nilipiga, zikatoka nzuri. Kesho yake, wakati bibi harusi anatolewa chumbani, vigelegele vimeanza, mama yake ameshamshika mkono, mimi niko mbele ya wote kwa sababu shangazi anapewa nafasi. Nikawasha. Lenzi ikatoka nusu. Ikatetemeka. Ikatoa mlio, krrk, krrk, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno, kisha ikabaki pale pale imeinama kidogo upande. Kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba lenzi ina hitilafu, zima uwashe tena. Nikazima. Nikawasha. Krrk. Nikatoa betri, nikarudisha. Krrk. Bibi harusi akapita mbele yangu akinitazama, anasubiri nimpige picha. Akatabasamu kabisa, kwa lenzi iliyokufa.

Kitu hicho sitamsamehe aliyeniuzia.

Niliporudi Arua nikaenda moja kwa moja kwa mzee. Alivaa miwani, akawasha taa ya mezani, akaizungusha kamera bila kuifungua. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Picha yako ya kwanza kabisa ilikuwa na namba gani?" Sikujua hata kama picha zina namba. Tukafungua kwenye kompyuta ya mwanawe. Kamera mpya ikiwekewa kadi tupu huanza kuhesabu kwenye moja. Picha yangu ya kwanza, niliyopiga kule kule dukani kujaribu, iko na namba 3188. Kadi nilinunua mpya, nikaifungua mwenyewe. Kisha mzee akanisogezea taa nitazame skrubu za chini. Tatu nyeusi, moja ya rangi ya fedha, na ile ya fedha kichwa chake kimeliwa kama kimefunguliwa kwa kisu cha jikoni. Kuna mtu alishaipiga picha elfu tatu na ushee, ikaharibika, ikafunguliwa, ikavishwa nailoni, nikauziwa mimi kwa bei ya mpya.

Nikapanda basi la usiku. Arua mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 450, na sikulala hata baada ya Karuma. Nilishuka alfajiri Arua Park, ambayo iko Kampala kwenyewe, nikanywa chai kwa mama mmoja wa kwetu, nikasubiri akedi ifunguliwe. Nilikuwa na risiti, boksi, kamera, na ile picha ya kwanza kwenye kadi. Nilijipanga kuongea kwa adabu, na niliongea kwa adabu.

Yule kijana hakunyanyua hata uso kutoka kwenye simu yake. Nikamweleza kuhusu namba. Akasema namba si kitu. Nikamwonyesha skrubu. Hapo ndipo aliponyanyua uso: "Umeifungua." Nikamwambia haijafunguliwa na mimi wala na mzee aliyeitazama. "Mzee gani? Fundi wa kijijini? Nani alikutuma upeleke kamera kwa fundi wa kijijini?" Mzee aliyeshika kamera kabla baba yake kijana huyu hajaoa! Halafu akaivuta lenzi kwa ukucha, akapuliza, akawageukia wale wateja wengine akionyesha vumbi kwenye kidole kama mtu aliyeshika mwizi. Akasema garanti haihusu vumbi. Ndipo yakafuata yale maneno ya watu wa Arua.

Watu walicheka. Mmoja hakucheka, mama wa makamo aliyekuwa anaulizia redio. Alirudisha redio mezani akatoka. Mama, popote ulipo, nilikuona.

Mtoto wa dada yangu anayesoma sheria ananiambia maandishi yale ya chini ya risiti hayamalizi maneno, kwamba iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanya, kitu anachokuuzia kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Mimi nilimweleza. Vitenge, harusi, Arua, mbali. Nilimweleza yote. Lakini kesi ya laki sita na nusu kwa mtu anayelala Arua, nauli na siku za kufunga duka zinakula pesa yote kabla hakimu hajakaa.

Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba asiyejua kamera asinunue kabisa hizi ndogo, abaki na simu yake. Niliandika hivyo juzi. Leo nimefuta.

Kwa sababu vumbi nalo ni kweli, lazima niseme. Kamera ile niliisafirisha Yumbe ndani ya mkoba wa kitambaa, imelala kati ya vitenge, bila kifuko chake. Lenzi inayoingia na kutoka ina mwanya kuizunguka, na kila ikitoka inabeba kilichoganda pale, ikirudi inakiingiza kwenye meno ya mota. Mzee anasema chembe moja ya mchanga inatosha. Zipo kamera ndogo ambazo lenzi hutembea ndani kwa ndani bila kutokeza, zile za kuzamia majini kama Olympus Tough, na kwa barabara zetu ningejua mapema ningetafuta ya namna hiyo hata ikiwa ya mtumba. Hilo hakuna muuzaji aliyenitajia. Lakini je, ingekufa kama skrubu ile isingeguswa na kisu? Siku nyingine nasema ndiyo, vumbi la Koboko haliogopi kitu. Nikikumbuka 3188 nasema hapana, niliuziwa maiti iliyopakwa mafuta.

Atakayenunua baada yangu, usitoe pesa kabla ya kuweka kadi yako tupu, kupiga picha moja na kutazama namba yake. Namba ndogo peke yake haitoshi kuamini, maana kuna njia ya kuirudisha kwenye moja, lakini kubwa ikikutazama hivyo, ondoka. Geuza chini uone skrubu. Washa na zima mara kumi, sikio likiwa karibu. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike ukiwa bado na pesa yako mfukoni. Ukishaipata, kifuko chenye zipu kwanza, mengine baadaye.

Kamera iko kwa mzee. Amepata nyingine ya aina hiyo hiyo iliyopasuka kioo, lenzi yake nzima, na anahamisha kidogo kidogo jioni akishafunga duka, kwa sababu macho yake hayataki kazi ya muda mrefu. Amekataa pesa ya ufundi, nikamlazimisha apokee elfu thelathini ya ile iliyopasuka. Jana aliniambia lenzi imetoka na kurudi mara mbili bila mlio, ya tatu ikagoma. Mtoto wa kaka yangu naye ananiuliza kwa simu lini nitakwenda Yumbe, avae tena nguo ile ile asimame kwenye mlango ule ule. Nimemwambia asiikunje, aitundike.