Browse AI, Make na Pushover: uzoefu wangu wa kuvizia magari ya Japani

Mi ni dalali wa magari hapa Mombasa, naagizia watu kutoka Japani, Demio, Note, Vitz, hizo hizo tu, na kazi yenyewe ukiitazama vizuri ni kuvizia. Gari safi ya bei nzuri haikai kwa tovuti, na Japani wako mbele yetu kwa masaa sita, wakifungua ofisi saa tatu asubuhi yao sisi ni saa tisa usiku tumelala fofofo. Ndio nikaunganisha huduma tatu za mtandaoni ziniamshe gari ikitokea, na programu siandiki hata mstari.

Browse AI ndio roboti inayofungua ukurasa wa muuzaji badala yangu. Unaionyesha kwa kubonyeza tu, hapa jina, hapa mwaka, hapa bei, halafu unaipangia irudi kuangalia kila baada ya muda. Kitu kikibadilika inarusha data kwa webhuku ya Make, yaani anwani ya mtandaoni ya kupokelea data.

Make, huduma ya kuunganisha programu zipeane data, ndio nimeipenda zaidi, manake bila filta ya kuchuja pale katikati utajuta, muuzaji akibadilisha picha tu simu inalia. Filta yangu inaangalia umri, Kenya huingizi gari iliyopita miaka 8, halafu bei iwe chini ya ile mteja alosema. Sasa hiyo bei yataka akili kidogo. Inakuja imeandikwa US$3,450 na kwa Make hayo ni maandishi sio namba, ukiilinganisha na 4000 hivyo hivyo utapata majibu ya ajabu. Toa hiyo US$ yote na hiyo koma kwa replace, kisha pitisha kwa parseNumber inayogeuza maandishi kuwa namba, inanyooka.

Ya tatu ni Pushover, app ya kupokea arifa kwa simu, na mtauliza kwa nini hiyo na sio WhatsApp. Kwa sababu WhatsApp usiku naizima, na magrupu yale ya harusi nani ataweza! Pushover ina kiwango cha dharura, priority 2, simu inalia na kurudia mpaka ubonyeze kwamba umeona. Natuma kutoka Make kwa moduli ya HTTP, ile ya kutuma data kwa huduma nyingine, na lazima uweke retry, muda wa kurudia kulia, sekunde 30 kwenda juu, na expire, muda wa kuacha kulia, isiyozidi sekunde 10800, yaani masaa matatu, ukiacha moja ujumbe unakataliwa. Dharura naiweka kwa mteja mwenye pesa mkononi peke yake, zingine zaingia kimya nazisoma baada ya alfajiri. Mke wangu ana maoni yake kuhusu hiyo dharura lakini tuyaache.

Bei sio mbaya. Pushover siku 30 za kujaribu, kisha dola 5 mara moja tu, hakuna mambo ya kila mwezi. Zapier, mshindani wa Make, ya bure ni kazi 100 kwa mwezi na hatua mbili, kwa mpango wangu haitoshi ndio sikwenda huko.

Udhaifu uko kwa roboti, na hii ni roboti yoyote ya brauza. Muuzaji akibadilisha sura ya tovuti roboti anasoma hewa, na wewe ukiona kimya wadhani hakuna gari kumbe ziko na wenzio wanachukua. Nimeweka njia ya pili Make, bei ikija tupu napata ujumbe "roboti kapotea". Pia soma masharti ya tovuti kwanza, wengine roboti hawataki kabisa. Kuna muuzaji mmoja nilimuuliza, akasema ah, nitakutumia orodha kwa imeili kila siku, na Make inasoma imeili vilevile, kwa hivyo huyo hata roboti simuwekei.