Honi ya Beetle ya 1969 kabla ya ukaguzi: uzoefu wangu na fundi umeme wa Gerezani

Mwenye gari la zamani ambalo honi imekufa na ukaguzi umekaribia, mtafute fundi anayepima kabla ya kukuuzia kitu. Mimi nimempata wa namna hiyo Gerezani, Dar es Salaam, na kazi aliyonifanyia kwenye Volkswagen Beetle yangu ni kubwa kuliko pesa aliyonitoza. Ndiyo maana nimeona niiandike kwa kirefu.

Gari ni 1300 ya mwaka 1969, umeme wake volti 12. Honi ilianza kwa kusitasita. Ukikata kona inalia, ukinyoosha usukani inanyamaza. Baadaye ikakata kauli kabisa. Nilikuwa nataka kulipeleka kwa trafiki likaguliwe nipate stika ya Nenda kwa Usalama, na honi ni kati ya vitu ambavyo askari lazima avijaribu, pamoja na taa, indiketa, waipa, breki na matairi. Na wana haki. Kwa jinsi bodaboda na bajaji zinavyopenya pembeni hapa mjini, gari lisiloweza kupiga honi halifai kuingia barabarani.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, ambayo siitaji jina, ilichukua muda mfupi sana. Kijana alibonyeza usukani, kimya, akasema honi imekufa, leta elfu 45 tuweke mpya, na kwa kuwa "mfumo wa usukani umechoka" watatoboa dashibodi waweke kitufe pembeni ya redio. Nilikataa palepale. Dashibodi ya Beetle ya miaka ile ni bati la bodi lenyewe lililopigwa rangi. Tundu ukishalitoboa ni la maisha. Halafu dereva akishtuka mkono wake unakimbilia katikati ya usukani, haupapasi kitufe chini ya redio. Nimeona magari mengi mazuri ya zamani yaliyoharibiwa hivi, vitufe vimejaa kila kona, nyaya zinaning'inia miguuni kwa dereva, na inaniuma kila mara.

Yule wa Gerezani ni mzee wa makamo anayefanyia kazi kibarazani, na kifaa chake kikuu ni taa ndogo ya kupimia yenye waya mrefu. Nilipomsalimia na kumweleza niliyoambiwa gereji, alinijibu, "Marahaba. Usinunue kitu bado, mwanangu. Tumfuate umeme kwanza tuone amekwamia wapi."

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi wanatapeliwa kwa kutoelewa. Kwenye Beetle hizi honi inapata moto, yaani umeme wa betri, wakati wote swichi ikiwa imewashwa. Inachokosa ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bati la gari. Ukibonyeza katikati ya usukani ndipo unaiunganisha na athi, ikalia. Njia ya hiyo athi inashuka na shafti ya usukani mpaka kwenye boksi la stelingi. Sasa, kati ya shafti na boksi kuna kapulingi, yaani kiungio, yenye raba, na raba haipitishi umeme, kwa hiyo kiwandani waliweka kipande kifupi cha waya kinachoivuka ile raba. Kila unapozungusha usukani, waya huo unajipinda. Gari la zaidi ya miaka 50, hebu fikiria umejipinda mara ngapi.

Mzee alianzia kwenye fyuzi. Ni zile za kauri zenye utepe wa chuma kwa nje, zinabanwa na vishikio viwili. Fyuzi ilikuwa nzima ila vishikio vimeota kijani. Hewa ya chumvi ya Dar haibakishi kitu. Akavisugua kwa msasa laini, akahakikisha vinabana. Kisha akaingia chini ya fenda ya mbele, akachomoa waya wa athi kwenye honi, akachukua kipande cha waya na kukigusisha kutoka kwenye terminali ya honi hadi kwenye bati tupu la bodi. Honi ikalia! Kwa sauti ya kukwaruza, lakini ililia. Honi ya elfu 45 ingekuwa pesa ya bure.

Basi akatoa tairi la spea, akalala chini na tochi, na baada ya muda akaniita nichungulie kapulingi. Ule waya ulikuwa umekatika shingoni, pale unapoingia kwenye kichwa chake, nyuzi mbili tatu za shaba nyeusi zikiwa bado zinagusana na kuachiana. Ndiyo maana ilikuwa inalia kwenye kona tu.

Alikata waya mpya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, akauachia urefu wa kutosha kufuata usukani, akaminya vichwa vipya kwa plaizi maalumu. Niliuliza kama hachomelei risasi, ile ya kuyeyusha ya kuungia nyaya, ili uwe imara zaidi. Akasema hapana: risasi inaukaza waya, na pale risasi inapoishia ndipo utakapokatika tena. Jibu hilo peke yake lilinionyesha niko kwa fundi. Halafu akaniketisha kwenye kiti cha dereva nibonyeze honi bila kuachia huku nikizungusha usukani kutoka kulia mpaka mwisho hadi kushoto mpaka mwisho. Haikukatika hata kidogo.

Kukwaruza nako alikumaliza bila kubadilisha kitu. Nyuma ya honi kuna skrubu ndogo ya kurekebishia. Akaisogeza kidogo sana, akasikiliza, akasogeza tena, mpaka ile sauti nyembamba ya Beetle ikarudi. Naipenda sauti hiyo.

Malipo yalikuwa elfu 25, vifaa humo humo.

Yapo ya kulalamikia. Hakuna pa kukaa, jua ni kali, maegesho ni ya kugombania, na risiti utaandikiwa kwa mkono tu ukiomba. Pia hafanyi magari mawili kwa pamoja, kwa hiyo ukichelewa asubuhi utasubiri mpaka mchana. Mwenye haraka atakereka. Mimi nasema subira hiyo inalipa.

Jambo moja alilonisisitizia, na nawapa wenzangu wenye Beetle na Kombi: msifunge honi pacha za kisasa moja kwa moja kwenye waya wa zamani. Magari haya hayakuja na rilei ya honi, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya kibonyezo. Umeme wote unapita kwenye kibonyezo cha usukani, na honi kubwa zitakiunguza. Ukizitaka lazima ufunge rilei: moto wa betri kupitia fyuzi uingie pini 30, honi zitoke pini 87, pini 86 ipewe moto wa swichi, na kibonyezo cha usukani kishike pini 85. Mimi nimebaki na honi yangu ya asili.

Kwenye ukaguzi, askari alibonyeza mara mbili, akahamia kwenye taa na breki, akaomba kuona mtungi wa zimamoto na pembetatu, kisha stika ikabandikwa kwenye kioo. Kwa mzee nitarudi mwezi ujao. Waipa zinakwenda taratibu mno, na mvua za vuli haziko mbali.