Ufadhili wa safari kwa wanafunzi wa historia ya dini: uzoefu wangu

Nafanya utafiti wa uzamivu kuhusu Freretown, makazi ya watu waliotolewa utumwani yaliyoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Barua asili za wamisionari wale ziko Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham. Kwa hiyo makala yangu ilipokubaliwa kwenye kongamano la historia ya kanisa Uingereza, niliomba ufadhili wa safari ambao chama kilichoandaa huwapa wanafunzi.

Kuomba si kazi: ikisiri, makadirio ya gharama na barua ya msimamizi. Majibu yalikuja mapema. Ada ya kongamano na chumba cha bweni walilipa wenyewe, na hapo nawapongeza kwa moyo wote.

Tatizo ni nauli. Unarudishiwa baada ya safari, kwa risiti. Mwanafunzi wa London atapanda treni na kusubiri fedha zake bila kuumia. Mimi tiketi ya ndege niliikopea sacco, riba ikaanza kukimbia kabla sijafunga begi, na nilichorudishiwa hakikufika nusu ya nauli. Ada ya viza haimo kabisa, nayo hupotea hata ukinyimwa. Tangazo linaita wanafunzi wa dunia nzima, lakini fungu lenyewe limekadiriwa kwa mtu wa jirani. Linaniuma, kwa sababu historia inayojadiliwa mle ni yetu pia.

Na ilijadiliwa kweli. Nilizungumzia Ishmael Semler na William Jones, watumwa walioachwa huru wakasomeshwa Nasik, India, kisha wakaja pwani yetu kuhubiri, hadi Askofu Hannington akawapa ushemasi mwaka 1885. Maswali yalipita muda wa kikao, tukaendelea mezani wakati wa chakula. Baadaye nikaenda Birmingham kusoma zile barua. Kwa mtafiti wa Freretown, hizo siku za maktabani zinastahili deni.

Ukitaka kuomba, waulize mapema kama wanaweza kukukatia tiketi wao. Mwenzangu wa Kampala aliuliza, wakakubali. Barua ya mwaliko itaje kiasi watakachokulipia, maana afisa wa viza hutaka kujua nani anagharamia safari. Pasi za kupandia ndege usizitupe: mimi niliombwa hizo pamoja na risiti.